Kodi ya Majengo: Mwenye Nyumba Analalamikia Nini Hasa?

Mtu wa mjini Tanzania aliyenunua umeme wa Sh 5,000 kwa mara ya kwanza katika mwezi, baada ya viwango kupanda mwaka 2023, alikuta Sh 1,500 imeondoka kabla hata uniti hazijahesabiwa. Hiyo ni kodi ya jengo. Kinachobaki nacho humegwa: VAT asilimia 18, mchango wa umeme vijijini asilimia 3, tozo ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1. Kwa anayenunua umeme wa buku mbili mbili, kama wafanyavyo wapangaji wengi wa chumba kimoja, mwezi unaanza na uniti za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Manung'uniko yaliyoanza pamoja na mfumo huu wa kukata kodi kwenye umeme Agosti 2021 yamebeba mambo mengi kwa mpigo. Wapo wanaolalamikia kiwango. Wapo wanaolalamikia njia ya kukata, na wapo wanaosema anayekatwa siye mwenye nyumba. Wengine hawana ugomvi na kodi yenyewe. Wanauliza fedha inakwenda wapi ilhali mtaro wa mbele ya nyumba yao umeziba tangu masika ya mwaka juzi. Haya si malalamiko ya aina moja na hayana dawa moja. Tena ukitibu la kwanza vibaya, unaweza kulizidisha la mwisho.

Kodi tatu juu ya paa moja

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na kwamba nyumba moja inaweza kuvuta kodi tatu. Ya kwanza ni kodi ya majengo, inayotozwa jengo lenyewe mijini. Ya pili ni kodi ya pango la ardhi, ambayo mwenye hati huilipa kila mwaka kwa sababu ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na mwananchi ana haki ya kuitumia kwa masharti. Hii iko chini ya Wizara ya Ardhi. Ya tatu ni kodi ya zuio kwenye pango la nyumba, asilimia 10 ya anachopokea mwenye nyumba, nayo ni kodi ya mapato inayokwenda Mamlaka ya Mapato (TRA).

Aliyejenga kwenye kiwanja kilichopimwa na akapangisha anaguswa na zote tatu. Aliyejenga kwenye eneo lisilopimwa na anaishi mwenyewe anaguswa na moja tu. Hawa wawili wakikaa kijiweni kulalamikia kodi ya nyumba, kila mmoja anazungumzia mzigo wake.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wamelijua kwa uchungu: risiti ya kodi ya jengo si ushahidi wa kumiliki ardhi. Bomoabomoa ya mwaka 2017 kwenye hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, iliangusha nyumba zenye umeme na maji, na wenye nyumba hawakufidiwa. Kodi hutozwa jengo kwa kuwa lipo, bila kuthibitisha kwamba liko mahali linapostahili. Kisheria hilo linaeleweka. Kwa mlipaji ni vigumu kumeza, maana serikali inaitambua nyumba siku ya kukusanya na kuikana siku ya kufidia.

Kodi iliyohamahama

Kodi ya majengo ilizaliwa kuwa mapato ya mji. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972 na kurejeshwa kwa sheria za mwaka 1982. Sheria ya ukadiriaji wa majengo mijini ikafuata 1983. Mantiki yake ilikuwa nyepesi: jengo halihami, halifichiki, na thamani yake inategemea barabara, maji na usafi wa mji uliolizunguka. Kwa hiyo mji ulihudumie, nalo liuchangie mji.

Utekelezaji haukutulia. Mwaka 2008 ukusanyaji wa Dar es Salaam ulikabidhiwa TRA. Mwaka 2014 ukarudi kwenye manispaa, na 2016 ukaenda tena TRA, safari hii kwa upana zaidi. Fedha zikawa zinaingia Mfuko Mkuu wa Hazina, halmashauri zikabaki kusubiri mgao. Wathamini walikuwa wachache na majengo yasiyothaminiwa mengi mno, hivyo Serikali ikachagua njia ya mkato, kiwango kimoja kwa wote: Sh 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, Sh 50,000 kwa kila ghorofa mijini. Foleni zilizojitokeza kwenye ofisi za TRA katikati ya 2017 zilionyesha kwamba watu hawakukataa kulipa, ila hapakuwa na njia rahisi ya kuwafikisha kwenye dirisha la malipo.

Mwaka 2021 Sheria ya Fedha ikaihamishia kodi kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Nyumba ya kawaida ikawa Sh 1,000 kwa mwezi, ghorofa Sh 5,000. Mwaka 2023 zikawa Sh 1,500 na Sh 7,500. Ukikokotoa kwa mwaka, nyumba ya kawaida imetoka Sh 10,000 ikapita 12,000 hadi 18,000. Ghorofa imetoka 50,000 hadi 90,000. Pande zote mbili ongezeko ni asilimia 80 katika takriban miaka mitano, bila jengo lolote kuthaminiwa upya. Takwimu hiyo ina maana zaidi kuliko shilingi zenyewe, kwa kuwa kodi imepanda bila uhusiano wowote na kilichotokea kwenye nyumba.

Hoja ya Hazina

Tusiipuuze hoja ya Serikali. Kutuma watendaji nyumba kwa nyumba ni gharama. Hati za madai hupotea, fedha taslimu huishia mifukoni, na mwenye nyumba mwaminifu hulipa huku jirani yake akikwepa miaka kumi. LUKU ilimaliza yote hayo kwa mkupuo mmoja. Kila mwenye mita analipa, kidogo kidogo, bila foleni na bila kufahamiana na ofisa yeyote. Sh 18,000 kwa mwaka, wanasema watetezi wake, ni chini ya Sh 50 kwa siku.

Ni kweli pia kwamba nyumba ya mjini hupanda thamani kwa kazi za umma ambazo mwenye nyumba hakuzilipia peke yake. Mwendokasi ulipopita Barabara ya Morogoro na daraja la juu la Ubungo lilipofunguliwa 2021, thamani ya maeneo ya jirani ilibadilika. Mwenye kiwanja hakubeba hata karai moja la zege. Kudai sehemu ndogo ya faida hiyo si dhuluma.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inapima mafanikio kwa kilichokusanywa peke yake. Mita haijui jengo. Haijui kama ni kasri la ghorofa sifuri kule Masaki lenye bustani na bwawa la kuogelea, au vyumba viwili vya tofali za kuchoma kule Mbagala. Yote mawili ni nyumba ya kawaida, yote Sh 1,500. Familia tatu zilizojenga kwenye uwanja mmoja na kutumia mita moja zilikatwa mara moja, na nyumba ya jirani yenye mita sita za wapangaji ikaingia kwenye hatari ya kukatwa mara sita hadi mwenyewe aende kutoa taarifa. Mzee wa miaka 60 na zaidi amesamehewa na sheria kwa nyumba anayoishi, lakini ni yeye aliyetakiwa kwenda kuomba jina lake liondolewe. Gharama za ukusanyaji hazikufutika kabisa. Sehemu yake imehamia miguuni mwa raia.

Hoja ya mwenye nyumba, na ya mpangaji anayemlipia

Hoja kuu ya mwenye nyumba ni kwamba nyumba si kipato. Aliijenga kwa jasho, pengine kwa miaka kumi na mitano, tofali za mwaka huu, lenta za mwaka kesho, na kila mfuko wa saruji na kila bati alilonunua lilikuwa na VAT ndani yake. Sasa amestaafu, pensheni ni ndogo, nyumba ni kubwa. Kumtoza kwa ukubwa wa nyumba ni kumtoza kwa bidii yake ya zamani.

Hoja hii ina nguvu kwa wastaafu na wajane, na ndiyo iliyozaa misamaha katika nchi nyingi. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2005, ilisamehe nyumba anayoishi mwenyewe mmiliki. Lakini ikichukuliwa kwa upana inabomoka, kwa sababu wanaoitumia kwa sauti kubwa zaidi mara nyingi ni wenye nyumba za kupangisha, na hizo ni kipato bila shaka yoyote.

Mpangaji ana hoja tofauti na nzito zaidi. Kisheria kodi ni ya mmiliki. Kivitendo hukatwa anayenunua umeme. Serikali ilipoulizwa 2021 ilisema wapangaji wakae na wenye nyumba wakubaliane. Huo ulikuwa ushauri wa mtu asiyepanga. Dar es Salaam kodi ya nyumba hulipwa miezi sita au mwaka mzima mbele. Mpangaji aliyekwisha kutoa fedha yake hana cha kukatia, na mkataba ukiisha mwenye nyumba ndiye anayepanga bei. Kwa hiyo kodi iliyobuniwa kumgusa mwenye mali imegeuka, kwa sehemu kubwa ya wakazi wa mjini, kuwa tozo kwa asiye na mali.

Fedha inaishia wapi

Hapa ndipo hasira inapochemka, na si bure kwamba kelele za LUKU zilianza wiki chache tu baada ya tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, ambayo Serikali ililazimika kuipunguza kwa asilimia 30 kabla Septemba haijaisha. Watu walitaja mashangingi, posho, semina na misafara. Mchumi atasema gari la kiongozi na mtaro wa mtaani hutoka mafungu tofauti. Anasema kweli, lakini mlipaji naye ana haki ya kutotofautisha, maana kodi ya mtaa wake ilipochanganywa kwenye chungu kikuu cha Hazina, kila kilichopakuliwa humo kikawa chake kuuliza.

Hebu tutazame huduma ambazo kwa asili kodi hii ingezigharimia. Barabara za mitaa: tangu Julai 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ambayo mwaka 2021 iliongezewa Sh 100 kwa kila lita ya mafuta. Maji: mamlaka za maji, kwa ankara zake. Taka: mkandarasi anapita na kudai ada yake mlangoni. Ulinzi: mchango wa ulinzi shirikishi unakusanywa na mtaa. Mwenye nyumba ameshalipia kila kitu kwa risiti yake au bila risiti, halafu anakatwa kodi ya jengo. Akiuliza ni ya nini, hakuna ofisi yenye jibu linaloonekana kwa macho. Diwani ataelekeza TARURA, TARURA itataja bajeti, na bajeti iko Dodoma.

Halmashauri nazo haziwezi kujifanya malaika. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikirudia mwaka baada ya mwaka makusanyo ya mashine za POS yasiyofikishwa benki, na mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na wenye ulemavu iliyokwenda kwa vikundi hewa hadi ikasitishwa 2023 ili utaratibu upangwe upya. Anayesema "rudisheni kodi halmashauri" bila kusema nani atailinda ikifika huko hajamaliza sentensi.

Dawa nne zilizokwisha jaribiwa kwingine

Kuweka ukomo. Mfano maarufu ni California. Juni 1978, wakiongozwa na Howard Jarvis na Paul Gann, wapiga kura karibu asilimia 65 walipitisha Proposition 13: kodi isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani ya kukadiria isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba iuzwe. Wastaafu waliokuwa wakikimbizwa na kodi walipata nafuu ya kweli, hilo lisifichwe. Mapato ya kodi hiyo yalishuka kwa zaidi ya nusu, jimbo likaingilia kati kuziokoa shule na miji, na maamuzi yakahamia makao makuu ya jimbo. Majirani wenye nyumba zinazofanana wakaanza kulipa kodi zinazotofautiana mara kadhaa kutegemea nani alinunua lini. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani 1992, na mahakama ikauacha mpango ulivyo. Waliotaka kuibana serikali waliishia kuisogeza mbali zaidi na mtaa wao.

Kutoza kwa thamani. Ndiyo njia ya vitabuni na ndiyo ya haki zaidi kwenye karatasi. Nairobi hutoza thamani ya ardhi bila jengo, na kwa takriban miaka 40 iliendelea kutegemea orodha ya thamani ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuwa kila kigogo alijua maana ya orodha mpya kwa kiwanja chake. Orodha mpya ilipokuja, na kiwango cha asilimia 0.115, wenye viwanja vilivyopanda bei walishtuka mara moja kwa mshtuko wa miongo minne. Rwanda ilipandisha kodi kwa sheria ya 2018, ardhi ikifikia hadi faranga 300 kwa mita ya mraba. Malalamiko yakawa makubwa, na 2023 kiwango cha juu kikashushwa hadi faranga 80. Thamani ni kipimo kizuri, ila kinadai ofisi inayothamini mara kwa mara na wanasiasa wasioogopa matokeo.

Kutoza kwa alama. Freetown, Sierra Leone, chini ya meya Yvonne Aki-Sawyerr, iliachana na wathamini wa nyumba moja moja. Picha za setilaiti na watu wa mitaani walirekodi mambo yanayoonekana kwa nje: ukubwa, aina ya paa na ukuta, barabara inayopita, mahali jengo lilipo. Kila kitu kina alama, alama zinatoa kodi. Majengo kwenye daftari yaliongezeka kutoka takriban 57,000 hadi zaidi ya 120,000. Mwenye kibanda akapunguziwa, mwenye jumba akaongezewa. Ni kipimo cha kukadiria, na kina makosa yake. Faida yake ni kwamba mtu anaweza kusimama mbele ya nyumba yake akahesabu mwenyewe kwa nini anadaiwa anachodaiwa.

Kusogeza ukusanyaji karibu na mlipaji. Ushahidi mzuri unatoka Kananga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mchumi Jonathan Weigel alionyesha kwamba katika mitaa iliyofikiwa na kampeni ya kodi ya majengo, watu walijitokeza zaidi kwenye mikutano na kutathmini serikali ya jimbo, kwa sababu aliyelipa hujiona ana haki ya kuuliza. Utafiti mwingine wa huko ulikuta kwamba viwango vya chini viliingiza fedha nyingi kuliko vya juu, kwani viliposhushwa watu wengi zaidi walilipa.

Ukiziweka kwenye mizani

Matokeo hayo ya Kananga yanafichua kitu ambacho wabunifu wa LUKU hawakukitaja. Mahali ambapo mtu anaweza kukataa kulipa, kukataa kwake ni taarifa: kiwango kimezidi, au huduma haionekani. Mita imeifuta taarifa hiyo. Makusanyo yatapanda kila kiwango kikipanda, na Hazina itasoma jedwali na kuona kwamba mambo ni shwari, wakati mpangaji wa Buza amepunguza taa na kurudi kwenye mkaa. Mfumo usiokwepeka ni mzuri kwa mhasibu na ni wa hatari kwa mtunga sera.

Hata hivyo, kuivunja njia ya LUKU na kurudi kwenye hati za karatasi kungekuwa hasara. Njia ya malipo ifaayo kubaki ni hiyo hiyo. Kinachotakiwa kubadilika ni kinachopitishwa humo. Jengo, na si mita, ndilo liandikishwe, na alama za mtindo wa Freetown zitenganishe angalau madaraja matano au sita ya nyumba ya kawaida. Anwani za makazi zilizowekwa nchini kote mwaka 2022 zimeshatoa msingi wa daftari. Kasri la Masaki likilipa hata mara ishirini ya kiwango cha sasa, yaani Sh 360,000 kwa mwaka, mwenyewe hatauza gari. Na chumba cha Mbagala kinaweza kushuka hadi Sh 500 kwa mwezi bila mapato ya mji kutetereka. Mwenye nyumba ya kupangisha afungwe na sheria kurejesha makato kwenye kodi ya pango, kwa sharti linaloandikwa ndani ya mkataba, badala ya kuwaachia wapangaji hisani.

Kwa nini halijafanyika? Sababu si ujinga wa wataalamu. Watakaoongezewa ni wachache, wanajulikana, na wana namba za simu za watu wanaosikilizwa. Watakaopunguziwa ni mamilioni, ila kila mmoja ataokoa Sh 500 au 1,000 kwa mwezi, na hakuna anayefunga duka kwenda kudai hiyo. Kiwango kimoja kwa wote kinadumu kwa kuwa dhuluma yake imegawanywa vipande vidogo mno.

Upande wa matumizi ni mgumu zaidi, na hapa siamini kwamba kurudisha fedha yote halmashauri kungetosha. Diwani asiye na mamlaka juu ya barabara hatajibu kuhusu barabara hata akipewa fedha. Ni afadhali sehemu inayojulikana ya makusanyo ya kila kata irudi kwenye kata hiyo kwa kazi moja ambayo haina mwenyewe mwingine, na mitaro ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa kila mtu anaiona mvua ikinyesha. Kiasi kilichokusanywa na kilichorudi kibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa kila robo mwaka, karibu na majina ya wanaodaiwa. Kuna gharama: kata tajiri zitakuwa na mitaro mizuri, na maskini zitabaki nyuma, hivyo sehemu nyingine lazima iingie kwenye mfuko wa pamoja wa mji. Kipimo cha mgawanyo huo ni ugomvi halali wa baraza la madiwani, na ni ugomvi bora kuliko huu wa sasa ambao hauna hata meza ya kukaliwa.

Muda nao una masharti yake. Viwango vya kodi hubadilishwa na muswada wa fedha mwezi Juni na kuanza kutumika Julai mosi, dirisha ambalo kinachowezekana ndani yake ni kuzidisha namba iliyopo. Halmashauri huandaa bajeti zao miezi kadhaa kabla ya hapo. Daftari la majengo, alama na orodha ya mitaro lazima vianzie huko kwenye vikao vya kata, la sivyo Juni ikifika wizara itakuwa na chaguo moja tu mezani: kuongeza tena kiwango kile kile kwa kila mita.